Uzi: Unapanga kwenda msitu wa mvua wa nyanda za chini? Pitia hapa kabla hujalipia safari

Mzee wa Mito:

Wakuu, salaam.

Naleta uzi huu kwa sababu lawama ni zile zile kila mara. Mtu anajikusanya mwaka mzima, anaingia msitu wa mvua wa nyanda za chini, iwe Amazon, bonde la Kongo au Borneo, anarudi kanuna: "Nimetembea kutwa nzima sikuona mnyama. Miti tu, matope na jasho." Na hasemi uongo. Ndivyo inavyomkuta yeyote anayeingia kule na mawazo ya mbuga ya wazi, kwamba utakaa juu ya gari, utainua darubini, mnyama yule pale.

Msitu wa aina hii ukiwa ndani yake huuoni. Unauona kupitia madirisha yake, yaani zile sehemu chache ambako ukuta wa majani umefunguka: ukingo wa mto, uwazi wenye madini, ngema ya udongo, mnara unaokufikisha juu ya miti. Panga safari kwa kufuata madirisha, ujue na maji ya mwezi huo yako wapi, hapo nusu ya kazi imeisha. Ukipanga kwa kufuata picha za matangazo utalia.

Chini ya miti hufika kama asilimia 2 tu ya mwanga wa jua. Dari ya majani iko mita 30 mpaka 45 juu ya kichwa chako, na kuna miti inayoichomoza dari hiyo na kuendelea kwenda juu. Kule Danum, Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, kuna mti wa jamii ya meranti uliopimwa ukakutwa na mita 100.8, habari zake zilitangazwa mwaka 2019. Maua, matunda, kima na ndege wengi wako huko juu. Wewe uko chini kwenye kiza, unaona mita 20 mbele yako, siku nzuri 30. Tembo anaweza kusimama pembeni ya njia na usimwone, ukaishia kunusa harufu yake na kusikia tawi likivunjika.

Nianze na dirisha ninalolipenda kuliko yote, halafu nitaendelea. Dzanga Bai, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu wa Afrika ya Kati huita bai uwazi wa asili katikati ya msitu, wenye maji na tope la madini. Unatembea kwenye njia zilizokanyagwa na tembo wenyewe, unavuka maji yanayofika magotini, unapanda jukwaa la mbao, na mara mwanga unakupiga usoni. Mbele yako wako tembo wa msituni hamsini, na zipo siku wanakaribia mia.

Sasa usiwapige picha na kuondoka. Kaa. Mchague mmoja umtazame saa nzima. Utamwona anapiga magoti ya mbele, anachomeka mkonga wote ndani ya shimo lililojaa maji, anapuliza mpaka maji yanafoka mapovu, mchanga unatibuka, kisha ananyonya yale maji yenye madini kutoka chini. Mashimo mazuri yana wenyewe. Akitokea dume mkubwa, yule jike na mtoto wake wanasogea pembeni bila ubishi, wanangoja. Na utaona tembo wa kila rangi: wa njano, mwekundu, wa kijivu, kutegemea tope alilojigaragaza. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimworodhesha tembo wa msituni kuwa spishi yake mwenyewe na kumweka daraja la waliomo hatarini kabisa kutoweka, kwa hiyo mnaoweza kwenda msiahirishe sana.

Naendelea chini, niacheni nipumue.

Kipepeo:

Naweka mkeka hapa. Mzee endelea, hii ya mashimo kuwa na wenyewe imenikosha.

Darubini Moja:

Nakazia ya bai. Mbeli Bai upande wa Kongo-Brazzaville na Langoué huko Gabon ni za namna hiyo hiyo, ila pale wengi huenda kwa ajili ya gorila. Wanatoka msituni familia nzima, wanaketi majini wanang'oa majani. Bila uwazi ule ungewafuatilia porini siku kadhaa uambulie mgongo.

Mzee wa Mito:

Umenena mkuu. Tuendelee.

Dirisha la pili ni ngema za udongo za Amazon, hasa Peru, maeneo ya Tambopata na Manu. Pale wanaziita collpa. Alfajiri kasuku wanaanza kukusanyika kwenye miti iliyo juu ya ngema. Wadogo wa kijani hutangulia, wale wakubwa wenye mikia mirefu, wekundu na wa buluu, huja baadaye. Kwanza wanazunguka, wanapiga kelele, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushuka. Akishuka mmoja, ukuta wote unajaa. Wanakula udongo. Sababu inayotajwa zaidi na watafiti wa huko ni chumvi ya sodiamu, ambayo ni adimu sehemu za mbali na bahari. Jueni tu kwamba mvua ikinyesha alfajiri hiyo hawaji, kwa hiyo anayelala usiku mmoja karibu na collpa anacheza kamari.

Tatu, mto wenyewe. Boti ikizima injini na kuelea jirani na ukingo inakuonyesha zaidi ya kutembea kwa miguu kutwa. Kinabatangan, Sabah, kila jioni kima wenye pua ndefu huja kulala kwenye miti ya ukingoni, unawakuta wamejipanga juu ya matawi, wengine wanaruka kutoka mti hadi mti juu ya vijito. Lakini niseme ukweli wote: sababu mojawapo ya kuwaona wanyama wengi namna ile ni kwamba nyuma ya ule ukanda wa miti kuna mashamba ya michikichi yasiyo na mwisho. Wanyama wamebanwa mtoni. Mwenyeji wako asipokwambia hilo, muulize.

Nne, minara na madaraja ya juu. Pembezoni mwa Manaus, Brazil, kuna mnara wa mita 42 ndani ya hifadhi ya msitu. Kakum, Ghana, kuna daraja la kamba la mita 350 hivi lililofungwa kwenye miti tangu 1995. Panda saa kumi na mbili asubuhi ukiruhusiwa. Saa nne jua likishakolea ndege wamekaa kimya na unaangalia majani matupu.

Miguu Mitupu:

Mzee wa Mito shikamoo, ila hapa nitapingana na wewe kidogo. Ukifuata madirisha tu utakuwa umekwenda kuangalia wanyama wakubwa, na msitu wa mvua si wa wanyama wakubwa. Yasuní kule Ekwado walihesabu aina zaidi ya 600 za miti kwenye hekta moja. Hekta moja! Hiyo huioni kutoka kwenye boti. Inakutaka uingie ndani, usogee taratibu, uangalie jani moja chini na juu. Chungu wanaokata majani, vyura wadogo kama ukucha, uyoga unaong'aa gizani, mzizi uliosimama kama ubao, mkubwa kuliko mlango. Mimi nawashauri watu watembee usiku na tochi ya kichwa, hatua mbili, simama, mulika, hatua mbili. Saa nzima mnaweza kuwa mmesogea mita mia tatu.

Mzee wa Mito:

Marahaba. Hapo sina ubishi, matembezi ya usiku nayakubali moja kwa moja. Ninachokataa ni yale ya mchana ya "tutembee kilomita 12 tuone wanyama". Watu nane msururu mmoja, wanaongea, mabuti yanapiga tope, saa sita mchana. Hapo hata chura hamumwoni. Na tochi ya kichwani ina faida nyingine: mwanga ukitoka usawa wa macho yako, macho ya buibui, mamba na popo-nyama yanakurudishia mng'aro. Ukiishika kiunoni huoni kitu.

Kipepeo:

Popo-nyama tena? 😅

Mzee wa Mito:

Nimechapia, komba na jamaa zake hao wa usiku. Mnajua mnachokisoma.

Haya, maji. Hili ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko nyoka na mbu wakiunganishwa. Watu wanauliza "kiangazi ni lini?" Sehemu nyingi za Amazon ya magharibi hakuna kiangazi cha kweli, kuna miezi ya mvua na miezi ya mvua nyingi zaidi. Swali linalofaa ni: mto utakuwa juu au chini?

Pale Manaus wanapima kina cha mto Rio Negro bandarini tangu mwaka 1902. Kila mwaka maji hupanda na kushuka, kwa wastani mita kumi hivi. Juni 2021 yalifika mita 30.02, rekodi. Oktoba 2023 yakashuka hadi 12.70, na 2024 yakashuka zaidi ya hapo. Hebu fikirini sehemu ile ile, msafiri mmoja anapita na mtumbwi katikati ya matawi, mwingine anakuta uwanja wa tope uliopasuka na boti zimelala upande.

Kwa hiyo msimu wa maji mengi, takriban Machi mpaka Julai eneo hilo la kati la Amazon, ndipo unapoingia msitu uliofurika, kwa mfano hifadhi ya Mamirauá karibu na Tefé, Brazil. Unapiga kasia kimya kimya katikati ya vilele vya miti, uko usawa mmoja na kima, samaki wanakula matunda yaliyoanguka chini ya mtumbwi wako. Hapo lile dirisha unalifuata wewe mwenyewe hadi juu ya mti. Njia za miguu hakuna, zimezama. Msimu wa maji machache ni kinyume chake: mchanga wa mtoni unajitokeza, kasa wanataga, ndege wa majini wamejaa, samaki wamekwama kwenye madimbwi na mamba nao wanajua. Unatembea kwa miguu vizuri. Ila boti inaweza kushindwa kufika, na ukame kama ule wa 2023 ulifunga vijiji vizima.

Bonde la Kongo limekaa juu ya ikweta, kwa hiyo mvua za kaskazini na za kusini hazilingani. Kaskazini, kule Dzanga na Ndoki, Desemba hadi Februari ni afadhali kwa barabara. Sabah mashariki hunyeshewa zaidi Novemba hadi Februari na mto hufurika. Muulize mwenyeji anayeishi pale, usiulize kalenda ya nchi nzima.

Bado Napanga:

Mkuu mimi nina wiki moja tu ya kukaa msituni. Nimepangiwa sehemu tatu tofauti. Inatosha?

Mzee wa Mito:

Utaziona boti na mabegi. Chagua moja. Siku ya kwanza mwili unapambana na joto na unyevunyevu, hauna raha. Siku ya pili masikio yanaanza kufanya kazi. Siku ya tatu ndipo mwongozaji anakuwa amekujua unapenda nini na mmeanza kuelewana. Ukihama kila baada ya usiku mbili unaanza upya kila mara. Tena usafiri wa mtoni hauna saa. Acha siku ya akiba kabla ya ndege yako ya kurudi.

Sindano:

Wadau, mimi ni tabibu, naomba nichangie machache ya afya ili watu wasidanganyane.

Homa ya manjano: chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla hujaingia nchi inayoidai, ndipo cheti kinahesabika. Tangu Julai 2016, kwa utaratibu wa WHO, cheti kile ni cha maisha yote, msikubali kuchomwa tena kwa sababu tu tarehe ni ya zamani. Hii ni kwa Afrika na Amerika Kusini. Asia homa ya manjano haipo, ila wanaweza kukudai cheti kama umetokea kwenye nchi zenye ugonjwa.

Malaria ongea na daktari wako kuhusu dawa ya kinga, maana si kila dawa inamfaa kila mtu. Borneo wana malaria ya aina yake, knowlesi, ambayo mbu wanaitoa kwa kima na kumpa binadamu. Kwa hiyo "kijiji hiki hakina mgonjwa wa malaria" haimaanishi msitu wake hauna. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET inafanya kazi, lakini inayeyusha plastiki: saa, miwani, mpini wa kamera. Nguo unaweza kuzitibu na pamethrini, dawa ya kuua wadudu, kabla ya kuondoka.

Jingine ambalo wengi hawalijui: Afrika ya Kati kuna nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, funza wakiangua wanaingia kwenye ngozi. Nguo ipigwe pasi, hata za ndani, hasa mishono.

Ukiumwa na nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Kiungo kitulizwe kisitikisike, ubebwe haraka mpaka hospitali. Na ukirudi nyumbani ukapata homa hata miezi miwili baadaye, mwambie daktari ulikuwa msituni.

Kipepeo:

Mimi nyoka ndiye aliyenizuia miaka yote.

Mzee wa Mito:

Ahsante sana tabibu. Kipepeo dada yangu, nyoka unaweza kukaa msituni usimwone kabisa, ukivaa gambuti na ukawa unamulika unapokanyaga usiku umejikinga pakubwa. Mimi ninachokiogopa ni mti. Miti mikubwa yenye mizizi ya juujuu, udongo umelowa, upepo wa mvua unapita, tawi la uzito wa gari linashuka bila taarifa. Kabla hujafunga machela au kusimamisha hema, inua kichwa. Ukiona tawi kavu juu yako, hama, hata kama mahali ni pazuri na giza linaingia.

Vifaa sasa. Sitaandika orodha ndefu, mnazo. Nitasema kuhusu miguu na unyevu tu.

Unyevu wa hewa uko asilimia 80 kwenda juu, usiku unakaribia mia. Nguo iliyolowa haikauki. Jinzi ni adhabu, iache. Utaratibu unaofanya kazi ni seti mbili: moja ya mchana ambayo ni chafu na mbichi wakati wote, na moja ya usiku ambayo haitoki kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka uko chini ya chandarua. Asubuhi unavaa tena ile mbichi, ndiyo, ya baridi, inakera dakika tano. Anayeona uvivu akavaa ile kavu asubuhi, usiku hana ya kulalia. Miguu ioshwe, ikaushwe, ipate hewa kila jioni. Ngozi ya unyayo ikibaki mbichi siku nzima inakuwa nyeupe, inakunjamana, halafu inachubuka, na hapo safari imeisha hata kama wewe una nguvu.

Gambuti za mpira zinashinda viatu vya gharama vya kupandia milima kwenye tambarare za matope. Kabla ya kuvaa asubuhi, zigeuze uzikung'ute. Daima.

Kamera ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi lenzi inajaa ukungu, iache ndani ya mfuko wake ipate joto polepole. Weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Lenzi zikikaa wiki kadhaa bila kukaushwa huota kuvu ndani, na hiyo haifutiki kwa kitambaa.

Miguu Mitupu:

Umesahau ruba.

Mzee wa Mito:

Sikusahau, nilikuwa nakuachia wewe.

Miguu Mitupu:

Haya. Ruba wa nchi kavu ni habari ya Asia na Madagaska zaidi. Amazon na Kongo hawatawasumbua. Borneo wako wa aina mbili za kawaida. Wa kahawia wanakaa chini kwenye majani makavu, na mwenye mistari anakaa kwenye majani ya vichaka usawa wa kiuno. Simama dakika moja kwenye njia yenye unyevu uangalie chini: utamwona mwembamba kama kijiti cha kiberiti, amesimamia mkia, anayumba huku na huku anatafuta joto lako. Kisha anaanza kuja, anajikunja, anajinyoosha. Wa kahawia humsikii akiuma, unaona damu tu kwenye soksi. Wa mistari unamsikia, anachoma.

Msimchome moto wala kumwagia chumvi akiwa ameshika, anaweza kutapika kwenye kidonda. Weka ukucha kwenye ule upande mwembamba ulioshika ngozi, usukume pembeni, achia. Damu itaendelea kutoka muda mrefu kwa sababu anaacha dawa inayozuia kuganda, msishtuke. Soksi za ruba zinazovaliwa juu ya suruali hadi chini ya goti zinamaliza nusu ya vita.

Darubini Moja:

Kongo badala ya ruba kuna nyuki wa jasho. Hawaumi, ni wadogo, ila wanakuja mamia, wanaingia machoni, puani, masikioni, kwenye vioo vya darubini. Ukikaa kwenye jukwaa la bai mchana bila neti ya kichwani utaondoka hata tembo wakiwa mia. Na siafu: mwongozaji akisema "kimbia" usiulize kwa nini.

Amazon mwogopeni yule chungu mkubwa mweusi anayetembea peke yake kwenye shina. Wenyeji wa sehemu nyingine wanamwita "saa ishirini na nne" kwa sababu maumivu yake hukaa siku nzima. Msishike mti bila kutazama. Ni kanuna ndogo lakini inaokoa.

Darubini Moja:

*kanuni

Bado Napanga:

Kuna kampuni moja, jina naliweka kando, wameniahidi kunipeleka "kuonana na watu wa msituni ambao hawajawahi kukutana na dunia ya nje". Ni kweli inawezekana? Wanasema ni Amazon.

Mzee wa Mito:

Kaa mbali nao kabisa. Ama wanakudanganya, watakupeleka kwa watu waliovalishwa kwa ajili yako, ama wanasema kweli na hiyo ni mbaya zaidi. Kuna jamii zilizojitenga zenyewe, nyingi ziko Vale do Javari upande wa Brazil, na nyingine upande wa Peru karibu na Manu. Brazil, taasisi ya serikali ya watu wa asili, FUNAI, inafunga maeneo hayo na sera yake ni kutowafuata. Hawana kinga ya magonjwa yetu. Mafua yako ya kawaida yanaweza kumaliza kijiji. Mwongozaji anayeuza kitu hicho atavunja na sheria nyingine zote mkiwa mtoni.

Kanuni hiyo hiyo ipo kwa gorila na sokwe mtu. Si chini ya mita 7, na sehemu nyingi wameongeza hadi 10, barakoa mdomoni, na ukiwa unakohoa unabaki kambini hata kama ulishalipia. Odzala, Kongo-Brazzaville, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ebola iliua maelfu ya gorila, wale wanaowalinda hawatanii.

Kwa upande mwingine, kutembea na watu ambao msitu ni kwao na wamekubali kukuongoza ni jambo jingine kabisa. Kule Dzanga waongozaji wengi ni BaAka. Mtazame mfuatiliaji kazini. Anainama, anabana pua kwa vidole viwili na kutoa mlio wa pua kama wa funo anayelia. Kimya. Anarudia. Mara majani yanatikisika na funo mwenyewe anachungulia, anashangaa mwenzake yuko wapi. Wewe ungepita hapo mara ishirini usijue kuna mnyama. Ukipata mtu wa namna hiyo mpe nafasi ya mbele, funga mdomo, na usimharakishe kwa sababu ya ratiba.

Miguu Mitupu:

Na mwambieni mapema mnachopenda. Ukisema "ndege wadogo na vyura" atakupeleka kwingine kabisa na anayesema "nataka picha ya chui". Chui wa msituni, msahauni. Akitokea, bahati yenu.

Kipepeo:

Swali la mwisho kabla sijaenda kulala. Sauti. Usiku kukoje? Nasikia watu hawalali.

Darubini Moja:

Unazoea siku ya pili. Karibu na ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Borneo kuna nyenze mmoja mkubwa anayeanza kupiga kama tarumbeta kila siku muda huo, mpaka watu wanamtumia kama saa. Baada yake vyura wanachukua zamu. Amazon alfajiri ni kima wanaonguruma, unawasikia kutoka kilomita kadhaa, mgeni anadhani ni upepo mkali au mnyama mkubwa ajabu. Beba vya kuziba masikio kwa usiku wa kwanza, halafu vitupe ndani ya begi.

Bado Napanga:

Nimeshabadilisha, nimechukua sehemu moja tu, usiku sita, kwenye mto. Wameniambia maji yatakuwa yanashuka wiki hiyo. Bima ya kawaida ya safari inatosha?

Mzee wa Mito:

Sehemu moja, vizuri sana. Maji yanaposhuka omba boti ndogo yenye kina kifupi, zile kubwa hukwama, na muulize kama vijito vya pembeni bado vinapitika.

Bima isome yenyewe, usisome kipeperushi. Tafuta maneno ya uokoaji na usafirishaji wa mgonjwa, uone kama wanalipia boti na ndege ndogo kutoka sehemu isiyo na barabara, na kama kuna kipengele kinachokata eneo ambalo serikali ya nchi yako imeonya watu wasiende. Kipengele hicho kinagusa sehemu kubwa ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwemo hifadhi ya Okapi kule Ituri, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Namba ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi, uiweke kwenye ule mfuko usiopitisha maji pamoja na cheti cha chanjo, na nyingine mpe mwenyeji wa kambi. Simu haitashika mtandao, na mwenye redio au simu ya setilaiti ni yeye.